Ringi za Mzee Idefonsi

Kopo lilikuwa wazo langu, na nililipenda kwa sababu hiyo.

Mwaka 1978, msimu wa pamba, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nami ndiye fundi pekee wa lori la kijiji chetu upande wa Nyamigogo, wilayani Biharamulo. Nilikuwa nimesomea ufundi Mwanza kwa miezi tisa, nikarudi na cheti ambacho mama yangu, Ng'washi, alikitundika ukutani juu ya mtungi wa maji. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la dizeli, silinda sita, lenye tabo. Tabo ni kile kigurudumu cha mapezi kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho huzungusha kingine kinachosukuma hewa ndani ya injini, ili iwe na nguvu kupita umbo lake. Gari la namna hiyo lilikuwa moja tu katika vijiji vyote vya jirani. Kijiji kizima kiliringa nalo. Mimi niliringa kuliko wote.

Dereva alikuwa Mzee Idefonsi, Mhangaza wa Keza kule Ngara, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyeanza kuendesha magari kabla sijazaliwa. Kusoma kwake hakukuvuka vibao vya barabarani. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akiisha kuitikia marahaba aliniuliza, "Fundi, leo niendeshe au nisiendeshe?" Nilidhani ananitania. Ilinichukua muda mrefu mno kujua kwamba hakuwa akitania.

Sasa nieleze jambo la injini, maana bila hilo kosa langu halitaonekana. Moto unapolipuka juu ya pistoni, hewa kidogo hupenya pembeni mwa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ikashuka tumboni mwa injini, kwenye oili. Hata injini mpya hufanya hivyo. Hewa hiyo lazima itoke, na imetengenezewa njia: bomba la kupumulia, linaloshuka ubavuni mpaka chini ya gari. Injini ikishazeeka kidogo, bomba hilo hutoa mvuke na kudondosha matone ya oili. Hakuna ubaya. Lakini la kwetu lilidondosha mbele za watu.

Mwezi wa saba tulipeleka pamba kiwandani. Karani wa mizani, mtu wa maneno, akainama kutazama chini ya gari, kisha akainuka na kuuliza kwa sauti ya kusikika na foleni nzima kama lori la Nyamigogo bado linakojoa kitandani. Akashauri tulifunge nepi. Wapakuzi walicheka hadi wakaweka magunia chini. Mimi ni mtu nisiyekwenda nyumbani na neno la mtu bila kulijibu. Sisi tuliotoka Shinyanga tumekulia kwenye mashindano ya ngoma, ambako kundi lisilojibu limeshindwa. Siku ile sikuwa na jibu.

Nikatafuta kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa matundu manne kwenye kitako, nikalijaza pamba na kuishindilia kwa mpini wa nyundo, kisha nikalifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba la kupumulia. Kwetu pamba ndiyo jibu la kila kitu. Ni utambi wa taa, ni mto wa kulalia, ni dawa ya sikio linalouma, ni cha kufunika kidonda. Haikunijia akilini kwamba kuna mahali ambapo pamba haifai. Matone yakakoma. Wiki iliyofuata nilimshika karani yule mkono, nikamwinamisha chini ya gari, nikamwambia atafute mkojo. Akarudi kwenye mizani yake. Mzee Idefonsi naye alichungulia, akalitazama kopo, akasema tu kwamba vijana tumesoma.

Pamba ile ilipaswa kubadilishwa kila wiki. Nililijua hilo siku ileile niliyoishindilia. Ukaja mwezi wa nane, wa tisa, na vumbi jekundu la barabara yetu likawa linaingia hata kwenye masikio ya ng'ombe. Vumbi likaingia kwenye matundu manne, oili ikalikanda. Mimi Jumamosi zangu sikuzilalia chini ya gari. Nilikaa kivulini na daftari, nikihesabu mizani za mashairi kwa vidole. Ushairi nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na nilikuwa nimeshapata sifa kijijini. Kwenye kila mkutano waliniita nisome.

Mwezi wa kumi na moja vita vilikuwa vimeshaanza. Nduli, kama tulivyomwita adui, alikuwa ng'ambo hii ya mto Kagera, na redio ya ofisi ya kijiji ilikuwa haizimwi mchana kutwa. Tukaagizwa kutoa lori na shehena ya chakula, lijiunge na msafara Biharamulo. Tulipakia maharage na unga wa muhogo, akina mama wakalipamba kwa matawi, watoto wakalikimbiza hadi darajani.

Halikufika. Kwenye mlima wa mwisho lilianza kutoa moshi wa buluu mzito kama wa shamba linalochomwa. Nguvu zikakatika. Kijiti cha kupimia oili kikarushwa kutoka kwenye tundu lake, oili ikatapakaa hadi kwenye kioo cha mbele. Mzee Idefonsi akalisogeza pembeni, akazima, akakataa kuwasha tena. Shehena ikahamishiwa kwenye malori ya vijiji vingine yaliyokuwa yakipita, na watu wa malori hayo walisema walichosema. Jumatatu lori letu lilirudi likiburutwa na trekta, na matawi yake yamenyauka.

Aibu ile ilitafuta mtu wa kumwangukia. Asubuhi ya Jumanne watu walijaa gereji, na minong'ono ilikuwa imeshaanza: dereva ameogopa vita. Mwingine akaongeza kwamba Keza ni karibu na mpaka, nani anajua mashemeji zake wako upande gani. Katibu wa kijiji, Ndugu Renatus, kijana aliyenizidi miaka michache, akaniambia nipime gari mbele ya watu wote ili neno liwe moja.

Niliwasha injini. Nikafungua kifuniko cha kumiminia oili, nikaweka kipande cha jani la mgomba juu ya tundu. Jani likarushwa hewani. Watu wakashangilia kama kwenye mazingaombwe, nami nikaliweka tena ili lirushwe tena. Hewa nyingi kiasi kile tumboni mwa injini, nikatangaza, ina maana moja: ringi zimekwisha, moto unashuka chini badala ya kusukuma pistoni.

Uongo haukuwa hapo. Hapo palikuwa na uvivu na majivuno. Hewa inayojaa tumboni ina maswali mawili, inaingia kwa wingi gani na inatoka kwa njia gani, nami niliuliza moja tu. Swali la pili lingenipeleka kwenye kitu nilichokifunga kwa mikono yangu, na mahali ambapo mikono yangu imepita sikuwa na desturi ya kutafuta kosa.

Nikaongeza kwamba ringi hazifi zenyewe. Kuna mtu amelilazimisha gari kwa gia ndogo na moto mkubwa mpaka likafa.

Mzee Idefonsi alikuwa amesimama karibu na gurudumu, kofia mkononi. "Fundi," akasema, "mimi nililizima ili nisiliue."

"Ulilizima kwa sababu mbele kulikuwa na vita," nikamjibu.

Neno lililokuwa likinong'onwa sasa lilikuwa limesemwa, tena na mwenye cheti.

Jioni ile ulifanyika mkutano wa dharura, jua likiwa bado juu ya migomba. Wakaniita nisome. Nilikuwa nimetunga shairi wakati wa chakula cha mchana, na nitaliandika hapa kwa sababu sistahili kulificha:

Dereva mwoga wa vita, gari kalivunja mbavu,
Mlima ulipomwita, akajifanya mchovu,
Wenzake wanapopita, yeye kakaa kivivu,
Kosa mkilitafuta, si chuma, yeye ni mbovu.

Walilidaka kabla sijakaa. Vijana waliutia wimbo mstari wa mwisho, wakaukanyagia miguu. Mzee Idefonsi aliusikiliza wote, kisha akaondoka katikati ya mgambo wawili. Neno lililoandikwa kwenye karatasi yake lilikuwa hujuma. Angefikishwa kwenye kikao cha wilaya Biharamulo Ijumaa, na kwa wakati ule, mtu aliyehujumu gari la vita hakurudi nyumbani upesi. Na kama angerudi, angerudi kama nani?

Ndugu Renatus alitaka mambo mawili kwangu. Kwanza taarifa ya fundi yenye sahihi, nami nikaitia sahihi pale pale. Pili, kielelezo. "Tufungulie injini," akasema, "utoe hizo ringi zilizokufa, nikaziweke mezani. Kikao kione kwa macho."

Jumatano nilianza kufungua. Sijamaliza kukaza jeki, akaja mke wa mzee, Mama Deodata, na bakuli lililofunikwa. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake aliniwekea viazi kwenye sanduku la spana, akaniambia kwamba alikuwa njiani kumpelekea mumewe nguo. "Amenituma nikwambie utazame taratibu," akasema. "Anasema ukishaona wewe kwamba ameliharibu, basi yeye atakubali." Hakukaa. Viazi vile sikuvila.

Nilitoa silinda hedi ya mbele, kile kifuniko cha juu cha injini, nikafungua bakuli la oili, nikasukuma pistoni mbili juu. Nilizifuta kwa dizeli, nikazitazama, nikazifuta tena. Ringi zilikuwa nzima. Zilikuwa na makali, zikibanwa zinarudi kama upinde. Nikaingiza moja peke yake ndani ya silinda, nikapima mwanya kati ya ncha zake: wembe mmoja uliingia, wa pili ulikataa. Kuta za silinda bado zilikuwa na ile michirizi ya kupishana iliyochorwa kiwandani. Mtu anayelazimisha gari haachi kuta za namna hiyo. Zile zilikuwa kuta za injini iliyoendeshwa na mtu anayeipenda.

Nikajiambia huenda ni silinda za nyuma. Nikafungua za nyuma. Ni zilezile.

Usiku ule niliifunga tena injini, na Alhamisi asubuhi, kwa mara ya kwanza, nilitafuta kama fundi. Niliiwasha. Jani la mgomba likaruka. Nikaenda kwenye kompresa ya breki, maana kompresa iliyochoka nayo husukuma hewa kwenye oili. Nikaitenga, jani likaruka vilevile. Nikafungua tabo. Ilikuwa imelowa oili ndani, na hapo nilipata tumaini kwa muda mfupi, tumaini la aibu, kwamba kosa ni la tabo. Lakini mhimili wake haukuwa ukichezacheza. Oili ya tabo hurudi tumboni kwa kuteremka yenyewe, na kama tumbo limejaa hewa, haiteremki. Inapanda, inapenya kwenye sili zinazoizuia, inaungua, na huo ndio moshi wa buluu. Tabo haikuwa mgonjwa. Tabo ilikuwa inatapika.

Ilibaki njia ya kutokea. Nilikuwa nimeijua tangu jana yake, nadhani, tangu nilipoona kuta zile. Nilirudishia tabo, nikawasha injini, nikalala chini ya gari na kukata waya. Kopo lilikuwa zito kama limejaa saruji. Pamba ilikuwa imegeuka kitu kimoja cheusi, kigumu, kisichopitisha hata maji. Nilipolivuta, injini ikiwa inanguruma, hewa ilitoka kwenye bomba kwa mpigo mmoja mrefu, kisha ikatulia ikawa inapumua. Nikainuka, nikaweka jani juu ya tundu la oili. Likatetemeka kidogo, likabaki pale. Baada ya nusu saa oili iliyobaki kwenye tabo ikawa imeungua, na moshi ukawa mweupe, mwepesi, karibu hauonekani.

Ndugu Renatus alisikia mlio akaja mbio kutoka ofisini. Alitazama moshi, akanikumbatia na oili yangu yote. Akauliza ringi ziko wapi.

Kwenye ukuta wa gereji kulikuwa na msumari, na kwenye msumari huo zilining'inia ringi nne zilizokwisha kabisa, za trekta la zamani la shamba la kijiji, lililokufa kabla ya hili la sasa. Zilikuwa ndogo kuliko za lori, lakini nani kwenye kikao angejua? Sikuwaza kwa muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba niliwaza kwa muda mrefu. Nilizitoa kana kwamba nilizitundika pale jana, nikazifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi. Yeye akaandika juu yake jina la mzee na tarehe. Nikamwambia nimeweka nyingine mpya zilizokuwa stoo.

Mchana ule nilipewa soda, na watu walikuja kuniamkia.

Ijumaa tulikwenda Biharamulo kwa lori lenyewe, dereva wa trekta akiliendesha, maana jeshi lilikuwa linalisubiri na lilipaswa kuondoka Jumamosi. Lilipanda mlima ule wa mwisho bila kukohoa. Mimi nilikaa mbele katikati ya dereva na katibu, gazeti lenye ringi likiwa juu ya mapaja ya katibu, na kila gari lilipoingia gia vizuri niliona kama linanisema.

Kikao kilikuwa chumba chenye meza ndefu na watu watano. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, mchovu, na nje palikuwa na kesi nyingine zinasubiri. Mama Deodata alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa ametembea. Wakamleta Mzee Idefonsi. Kwa siku tatu alikuwa amepungua, au labda ilikuwa ni kukosa kofia.

Taarifa yangu ikasomwa. Ringi zikafunguliwa mezani, zikapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyezishika alitikisa kichwa kama anayejua. Mwishowe zikamfikia mzee. Alizigeuza kwa muda mrefu. Nilingoja aseme kwamba si za gari lake. Nilitamani aseme, anitue mzigo huo. Lakini alikuwa dereva, hakuwa amewahi kuona ringi za gari lake nje ya injini.

Mwenyekiti akamuuliza ana la kusema.

"Nilikuwa nabisha moyoni," Mzee Idefonsi akasema. "Nilikuwa najiambia, huyu kijana amekosea, mimi gari hili naliendesha kama nabeba mayai. Lakini nimeona kwa macho. Kumbe nimeziua mimi, bila kujua. Macho yamezeeka, na mguu nao umezeeka. Nipeni adhabu ya kuharibu. Ila naomba msiandike kwamba nilikusudia. Nina wajukuu."

Aliyasema bila uchungu. Alikuwa amekaa siku tatu akijitetea ndani ya nafsi yake, na mimi, kwa ringi nne za trekta, nilikuwa nimemshinda huko huko ndani.

Mwenyekiti akanigeukia, aniulize lile swali la kufunga shauri: kama ringi zile nimezitoa mwenyewe kwenye gari lile.

"Hapana," nikasema. "Ni za trekta."

Katibu alinivuta shati. Nikaendelea nikiwa nimesimama, na maneno hayakutoka vizuri. Mimi niliyezoea kusoma mbele ya watu mia nne nilikuwa nikirudiarudia neno kopo kama mtoto. Nikasema ringi za gari ni nzima. Nikasema niliziba bomba la kupumulia kwa pamba kwa sababu watu walinicheka. Nikasema mzee alifanya sawa kuzima pale mlimani, na kwamba dakika tano zaidi zingeua tabo na injini pamoja. Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza nililijua hili lini. Nikasema jana, saa nne asubuhi.

"Na ringi hizi ulizileta saa ngapi?"

"Saa tano."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno kubwa, sikulipata. "Niliona aibu," nikasema.

Walitoka nje wote watano. Nikawasha lori, nikafungua kifuniko, nikaweka jani la mti juu ya tundu, likabaki. Nikalala chini, nikaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, na kabla hawajahesabu kumi jani likaruka. Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti aliichana taarifa yangu mbele yangu na kusema maneno ambayo sitayaandika, si kwa sababu hayakuwa ya haki. Alisema kama si vita na uhaba wa mafundi ningelala pale alipolala mzee. Akaamuru mzee aachiwe, nami nirudi kijijini nikatangaze hayo yote mbele ya watu walewale.

Mzee Idefonsi alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake. Lori lilitakiwa kesho yake alfajiri, na dereva mwingine wa kuliweza hawakuwa naye. Nikamfuata dirishani. Nikamwomba anichukue kama fundi wa njiani, twende wote mpaka Kyaka, mpaka popote. Niliona hilo ndilo jibu: vumbi, hatari, labda risasi, na mimi nimesamehewa.

Alishika usukani. "Kwenye gari langu, hapana," akasema. "Wewe rudi ukaseme."

Jumapili, baada ya ibada, mkutano uliitwa. Nilikuwa nimekesha na daftari, na nilikuwa na beti saba za kumsafisha mzee, bora kuliko chochote nilichowahi kutunga. Vina vilikaa kama tofali. Niliposimama na kufungua daftari, Mama Deodata, aliyekuwa amekaa chini mbele kabisa na miguu imevimba kwa safari, aliinua mkono.

"Usituimbie," akasema. "Sema kama watu wanavyosema."

Nikafunga daftari. Na hapo nikajua nilikuwa nimetegemea nini. Kwenye shairi ningekuwa mtu mzuri anayetubu vizuri. Watu wangesifu vina, nami ningekaa chini na sifa zangu. Bila shairi nilikuwa mtu aliyeziba bomba, akamsingizia mzee, akaleta ringi za uongo. Nikayasema hivyo. Sijafika mbali, matone makubwa yakaanza, kisha mvua ikaja kwa mara moja kama inavyokuja huku, na watu wakajifunika mikeka wakakimbia. Niliwahesabu waliobaki: kumi na tisa. Waliosikia shairi walikuwa zaidi ya mia nne.

Ndugu Renatus, ambaye hakuwa amenisemesha tangu Ijumaa, alikunja karatasi zake. Alisema agizo limetekelezwa, ataandika hivyo. Akakimbilia ofisini.

Nilibaki kwenye mvua. Kutoka pale uwanjani nyumba za kijiji zinaonekana zote, zimepangwa kwa safu kumi na moja zilizonyooka, kama zilivyopimwa wakati wa Operesheni ya kutuhamishia vijijini. Nikaanza na safu ya kwanza, nyumba ya kwanza, iliyokuwa ya mama yangu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza aliingia ndani, akakitoa cheti ukutani, akakiweka chini ya kitanda. Akanipa gunia la kujifunika.

Nilikwenda nyumba hadi nyumba siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa baada ya kazi ya shamba. Niliyasema kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa wazee wetu, na kwa Kisubi kibovu kwa wenyeji, waliocheka lugha yangu kabla ya kuelewa ninachosema. Wengine waliniambia wamesharidhika, niende. Wengine walinirudisha mwanzo kwa makusudi. Bibi mmoja aliniambia kwamba mwaka 1974, siku ya kuhamishwa, Idefonsi ndiye aliyempakia yeye, kitanda chake na kuku wake, akaendesha polepole kwa sababu kuku mmoja alikuwa amelalia mayai. Yalipofika, yakaanguliwa. Akaniuliza kama hilo nilikuwa nalijua. Sikulijua. Nyumba nne zaidi ziliniambia mambo ya namna hiyo, kila moja la kwake, na hakuna hata moja lililokuwa limewahi kusemwa kwenye mkutano.

Siku ya tatu, kwenye safu ya nne, nilifika kwenye mlango wa Mama Deodata. Nilisita, kisha nikabisha, kwa sababu nilikuwa nimeazimia kutoruka nyumba. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Hakunipa kiti. Nikaanza: mimi Shibuda, fundi wa lori, nimekuja kusema kwamba Mzee Idefonsi hakuharibu gari.

Aliniacha niseme yote mpaka mwisho. Hajapata barua ya mumewe kutoka vitani, akaniambia. Wanasema msafara umevuka. Kisha akauinua ungo, akapuliza makapi, akanionyesha kwa kidevu upande wa chini, ambako moshi wa majiko ya jioni ulikuwa unaanza.

"Safu ya tano bado," akasema. "Nenda kabla hawajala."